Mwongozo kamili wa opareta wa krasha ya makaa ya mawe: kuwasha, kulisha, kuzibua na kuzima bila kuumia

Wadau, swali ni lile lile kila mara: krasha (mashine ya kuvunja makaa) imekaba, mota inatripu (inajikata yenyewe), mkanda umefukiwa na makaa, supavaiza anapiga redio anauliza tani ziko wapi, nifanyeje? Vijana wengi wanaopata kazi kwenye migodi ya makaa huku Ruvuma upande wa Mbinga, na wengine kule Kiwira, wanakaa siku mbili tatu wanamtazama mwenzao anabonyeza vitufe alafu wanaachiwa mtambo peke yao. Hapo ndo shida inapoanzia, maana kubonyeza kitufe kila mtu anaweza, ila kwa nini hiki kinaanza na kile kinafuata hakuna aliyekwambia.

Nitaandika kwa krasha ya rola mbili zenye meno, maana hii ndo inayoyafaa zaidi makaa, inavunja bila kutengeneza vumbi jingi kama ile ya nyundo. Kama kwenu mna ya taya hatua ni zile zile, nikifika penye tofauti nitasema.

Kitu kikubwa ninachotaka ukishike ni mpangilio. Line (mashine zote zilizofuatana) inawashwa kuanzia mwisho, inazimwa kuanzia mwanzo, na mkono hauingii popote bila kufuli yako kuwa kwenye swichi. Karibu kila kukaba na ajali nyingi nilizowahi kuziona kwenye krasha chanzo chake ni kimojawapo cha hivyo vitatu kurukwa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujasogelea mtambo

Vya mwilini: helmeti, buti zenye chuma mbele, miwani, reflekta iliyofungwa vizuri, vizuia sauti vya masikioni, na barakoa ya vumbi ya daraja la FFP2 au N95 kwenda juu. Kitambaa cha kufunga puani au ile barakoa nyepesi ya hospitali haizuii vumbi la makaa, lile linalokuua ni dogo kiasi kwamba hulioni hata kwa macho. Mikono mipana ya koti, mnyororo shingoni, kamba ya simu inayoning'inia, vyote acha kwenye loka. Glavu unavaa ukishika spana, mtaimbo au chuma chenye ncha, ila karibu na kitu kinachozunguka glavu inavuta mkono wote, kwaiyo hapo hupeleki mkono kabisa, uwe na glavu au usiwe nayo.

Vya kazi:

- Kufuli yako binafsi yenye ufunguo mmoja tu, na tagi yenye jina lako
- Redio yenye chaji
- Tochi ya helmeti, hata zamu ya mchana, maana chini ya hopa (pipa kubwa la kumwagia makaa) ni giza
- Daftari na kalamu
- Kipima joto cha kulenga kwa mbali
- Kipande cha chuma kilichokatwa kwa saizi ya pengo la rola, mafundi wakukatie
- Mtaimbo mrefu, koleo, fagio
- Gani ya grisi yenye grisi ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha mtambo
- Mtungi wa kuzimia moto na mpira wa maji unaofika hadi kwenye krasha

Kama mgodi hawajakupa kufuli, idai siku ya kwanza kabla hujasaini zamu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga bure, na akupime afya kabla hujaanza kazi na kila baada ya muda. Wala usione aibu kuuliza, ni haki yako na ni mapafu yako.

## Ijue line yako kwanza

Kabla ya hatua yoyote tembea kwa miguu ukifuata njia ya makaa. Loda (anayeendesha mashine ya kupakia) anamwaga kwenye hopa, juu ya hopa kuna nondo nene zinazozuia mabonge makubwa, chini kuna fida inayotetema na kusukuma makaa mbele, yanapita chini ya sumaku, yanaingia kwenye krasha, yanadondokea konveya (mkanda unaobeba makaa) ya kwanza, yanapanda kwenye skrini inayochambua saizi, yaliyofikia saizi yanaenda kwenye rundo la kuuzia na makubwa yanarudi kuvunjwa tena.

Chora hiyo njia kwenye daftari, kila mashine ipe namba, alafu kwenye kila namba andika swichi yake iko wapi kwenye paneli na kamba au kitufe chake cha dharura kiko wapi. Siku mkanda unawaka moshi hutakuwa na muda wa kuanza kusoma vibandiko.

## Hatua ya 1: Pokea zamu kwa maneno na kwa macho

Usipokee zamu getini. Kutana na mwenzako pale pale mtamboni na umuulize vitu vinne: nini kimesimama leo na kwa nini, kuna makaa yamebaki ndani ya krasha au kwenye chuti (mfereji wa chuma yanakoteremkia makaa), kuna kufuli ya mtu yeyote kwenye swichi, na loda anachimba makaa ya sehemu gani. Hili la mwisho wengi hawaulizi, kumbe makaa ya juu karibu na udongo yanakuja na matope na mawe, ya chini yanakuja safi, na jinsi utakavyolisha inategemea hapo.

Tahadhari: ukikuta kufuli ambayo mwenyewe haonekani, mtambo hauwashwi. Haikatwi kwa msumeno kwa sababu eti kaka keshaondoka kwenda nyumbani. Anatafutwa, na asipopatikana basi meneja ndo anafuata utaratibu wa maandishi, sio wewe.

Umefaulu ikiwa: unaweza kumwambia supavaiza hali ya kila mashine bila kufungua daftari.

## Hatua ya 2: Zungusha macho line yote ikiwa imezimwa na kufungwa

Weka kufuli, alafu tembea kuanzia mkia wa konveya ya mwisho kurudi hadi kwenye hopa. Angalia:

Gadi (vifuniko vya kinga) za puli (magurudumu yanayozungusha mikanda) na za mikanda ya mota zipo zote na boliti zake. Gadi ikitolewa na fundi jana ikaachwa chini, mtambo hauwaki hadi irudi.

Rola ndogo za konveya zinazunguka. Iliyokwama unaijua kwa kuwa imesagika upande mmoja ikawa bapa na inang'aa, hiyo inasugua mkanda na kupata moto, na pembeni yake kuna vumbi la makaa limelala. Moto mwingi wa konveya unaanzia kwenye kitu kidogo kama hicho.

Makaa yaliyojaa chini ya puli ya mkia. Yakigusa mkanda yanausukuma pembeni na yanaula taratibu. Ondoa yote kwa koleo.

Ndani ya krasha, kwa tochi, ukiwa nje: kuna makaa yamebaki? Kuna jino la rola limelegea au limekatika? Boliti ya jino ikilegea utaona mstari wa kutu ya rangi ya kahawia au alama mpya inayong'aa kuizunguka kichwa chake. Jino likidondoka linapita katikati ya rola zenyewe na linavunja mengine.

Oili ya gia boksi iko kwenye alama, mikanda ya mota haijalegea, sumaku imesafishwa vyuma vya jana, kamba za dharura za konveya hazijafungwa kwa waya wala kubanwa na makaa.

Alafu nusa. Makaa yanayopata joto yenyewe yana harufu yake, kama mafuta ya taa yaliyochanganyika na kiberiti. Makaa yakikaa yanavuta oksijeni, yanajipasha, na rundo linaweza kuwaka bila mtu kuleta moto. Ukipima ndani ya rundo ukakuta joto linakaribia nyuzi 60 au linapanda siku hadi siku, hayo hayapelekwi kwenye krasha, mwite supavaiza yatandazwe na kushindiliwa. Kuna siku makaa ya moto yalipitishwa kwenye line mgodi mmoja kwa haraka ya kujaza magari, mkanda ukashika moto katikati ya mlima wa konveya ambako hata mpira wa maji haufiki.

Tahadhari: usipulize vumbi la makaa kwa hewa ya kompresa ili kusafisha. Vumbi likilala chini linaungua taratibu, likielea hewani ndani ya chumba linalipuka, na inatosha takribani gramu 50 hadi 60 kwenye mita moja ya ujazo kukiwa na cheche. Fagia kwa kulowanisha kidogo, au osha kwa maji mbali na paneli za umeme.

Umefaulu ikiwa: line ni tupu, imefungwa gadi zote, na kila kasoro imeandikwa.

## Hatua ya 3: Seti pengo la rola

Hapa ndo pesa ya mgodi ilipo. Oda nyingi za viwanda zinaomba makaa ya milimita 0 hadi 50. Ukiachia pengo kubwa mabonge yanapita, yanarudi kutoka kwenye skrini, yanazunguka zunguka line yote na tani zinashuka. Ukibana sana unapata unga mwingi, vumbi linajaa kila kona, rola zinakula umeme, na mteja wa mabonge anakataa mzigo.

Makaa yanavunjika kwa vipande bapa, sio mviringo, kwaiyo kipande cha urefu wa milimita 70 kinaweza kupita kwa ubavu kwenye pengo la 50. Ndo maana unaanza na pengo dogo kidogo kuliko saizi unayotaka, tuseme 40 hadi 45 kwa oda ya 50, alafu unaangalia skrini inasemaje.

Mtambo ukiwa umefungwa kwa kufuli, chukua kile kipande chako cha chuma, pima kushoto, katikati na kulia. Pande zote lazima zilingane. Upande mmoja ukiwa mpana makaa yote yanakimbilia huko, meno ya upande ule yanaisha mapema, na beringi (inayoshikilia shafti ikizunguka) inabeba mzigo wa kupinda. Ongeza au punguza zile sahani nyembamba za kurekebishia, au kama ni haidroliki fuata kitabu, alafu kaza na upime tena baada ya kukaza maana kukaza kunabadilisha.

Kwenye krasha ya taya unapima sehemu ya chini kabisa taya zinapokaribiana zaidi.

Kumbuka pia saizi inayoingia. Rola za meno zinapunguza vizuri mara 3 hadi 4 hivi, kwaiyo kama unataka 50 inatoka, linaloingia lisizidi 150 hadi 200. Bonge kubwa kuliko hapo rola haziliumi, linacheza juu yake linarukaruka tu na kuzuia mengine yasishuke. Opareta mgeni anadhani krasha imeisha nguvu, kumbe ni bonge moja limekaa juu kama kifuniko cha sufuria.

Umefaulu ikiwa: baada ya nusu saa ya kazi makaa yanayorudi kutoka kwenye skrini ni machache na unga haujazidi ule wa kawaida wenu.

## Hatua ya 4: Washa, kuanzia mwisho kuja mwanzo

Toa kufuli yako mwenyewe, hakikisha wote mliokuwa kwenye line mmetoka, mwite kila mmoja kwa jina kwenye redio na asikike akijibu. Piga king'ora, subiri kama nusu dakika, piga tena. Yule aliyeingia kujificha jua chini ya konveya anahitaji muda wa kutoka.

Mpangilio:

1. Konveya ya mwisho, ile inayomwaga kwenye rundo
2. Skrini
3. Konveya iliyo chini ya krasha
4. Sumaku
5. Krasha
6. Maji ya kunyunyizia vumbi
7. Fida, ya mwisho kabisa

Sababu ni rahisi. Kila mashine inapoanza kupokea makaa, iliyo mbele yake iwe tayari inakimbia na kuyaondoa. Ukianza na krasha kabla ya konveya, makaa yanajaa kwenye chuti sekunde chache tu, yanapanda hadi kwenye rola, na unarudi kule kule kwa kuzibua kwa mtaimbo. Mitambo mipya paneli yenyewe inakataa ukikosea, ila mingi ya huku ile kinga ilishafungwa bypasi (ikarukwa isifanye kazi) zamani na mtu aliyechoka kusubiri. Ukikuta hivyo ripoti kwa maandishi.

Krasha inawashwa tupu siku zote. Ikianza, sindano ya ampea (kipimo cha umeme ambao mota inakula) inaruka juu sana, mara 5 hadi 7 ya kawaida kwa mota inayowashwa moja kwa moja, alafu inashuka na kutulia. Andika ile ampea ya krasha tupu kwenye daftari, hii namba utaihitaji kila siku. Kama leo tupu inakula zaidi ya jana basi kuna kitu kinaburuza, beringi, mkanda, au makaa yaliyoganda kwenye meno.

Tahadhari: ikigoma kuwaka usibonyeze tena na tena. Mota kubwa kwa kawaida inavumilia kuwashwa mara 2 mfululizo ikiwa baridi, na mara 1 ikiwa moto. Zaidi ya hapo unapika koili zake. Ikitripu mara ya pili, funga kufuli na mwite fundi umeme.

Umefaulu ikiwa: line yote inakimbia tupu, mikanda iko katikati ya rola zake, hakuna mlio mpya, ampea imetulia.

## Hatua ya 5: Lisha kwa sindano ya ampea, usilishe kwa macho ya loda

Anza na fida kwenye spidi ya chini. Subiri makaa yafike hadi rundo la mwisho, ndo unaongeza kidogo kidogo. Lenga ampea ya asilimia 70 hadi 85 ya ile iliyoandikwa kwenye kibao cha mota. Kuna nafasi imebaki hapo kwa ajili ya bonge gumu likija ghafla. Ukikimbiza kwenye 100 ili upate tani nyingi, jiwe moja tu linakusimamisha saa nzima, na hizo tani ulizokuwa unazikimbilia zinapotea zote.

Makaa yasambae upana wote wa rola. Loda akiwa anamwaga upande mmoja wa hopa kila safari, mwambie kwa redio, kwa adabu, mkubwa wangu naomba umwage katikati. Yeye kutoka juu haoni kinachoendelea chini, wewe ndo macho yake.

Vitu vitatu visivyotakiwa kuingia:

*Mawe.* Makaa yana tabaka za mawe ya udongo katikati yake. Jiwe ni zito, rangi ya kijivu, haling'ai. Mabonge ya mawe yatolewe juu ya zile nondo kwa ekskaveta au nyundo ya mtambo, mtu asipande juu ya nondo fida ikiwa inatembea.

*Vyuma.* Jino la ndoo ya ekskaveta ndo adui mkubwa. Kubaliana na opareta wa ekskaveta aangalie meno yake kila akimaliza kupakia, likikosekana asimamishe magari kabla hayajafika kwako. Sumaku peke yake haitoshi, chuma chenye manganizi nyingi hakishikwi na sumaku.

*Mabaki ya baruti.* Ukiona waya wa rangi, kipande cha bomba laini au mfuko wa baruti kwenye makaa, simamisha fida na line, ondoa watu wote, usiguse, mwite mlipuaji mwenye leseni. Hata kama supavaiza anasema itoe tu tuendelee, hugusi.

Umefaulu ikiwa: sindano inacheza sehemu moja bila kuruka ruka, na makaa yanatoka mfululizo, hayaji kwa mafungu.

## Hatua ya 6: Kaa na mtambo, usikae na simu

Kila nusu saa zunguka. Pima beringi kwa kipima joto cha mbali: hadi nyuzi 70 hivi ni kawaida kwa beringi inayofanya kazi, ikipita 80 punguza mzigo na mwite fundi, ikiendelea kupanda zima. Angalia zaidi kasi ya kupanda, beringi iliyokuwa 55 wiki nzima ikifika 70 leo ina ujumbe hata kama bado iko ndani ya kawaida.

Grisi ikizidi nayo inapasha beringi joto. Weka kiasi kilichoandikwa, futa kichwa cha nipo (kitundu cha kuingizia grisi) kwanza kwa kitambaa, la sivyo unasukuma unga wa makaa ndani pamoja na grisi.

Sikiliza. Mlio wa kugonga kwa mpigo sawa kila mzunguko ni jino limelegea. Mlio wa kupiga kelele kama filimbi ni mkanda wa mota unateleza. Mlio wa chuma kusaga ni zima sasa hivi.

Mkanda ukihamia pembeni usiusukume kwa mti wala koleo, kuna watu wamevutwa na hilo koleo. Zima, safisha, mwache fundi arekebishe rola.

### Kipindi cha mvua

Huku Ruvuma mvua zinaanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili, na kipindi hicho nusu ya kukaba kote ni tope. Unga wa makaa uliolowa unaganda kwenye kuta za chuti, unajenga taratibu, njia inakuwa nyembamba hadi inaziba kabisa huku juu ampea inaonesha vizuri tu. Kwaiyo funga maji ya kunyunyizia kama makaa yameshalowa, punguza spidi ya fida, mwombe loda achanganye na makaa makavu ya rundo la zamani, na simamisha line kwa mpangilio kila baada ya masaa machache ukwangue chuti kabla haijaziba. Dakika 15 za kukwangua ni nafuu kuliko masaa 3 ya kuchimba.

## Hatua ya 7: Krasha ikikaba

Soma hapa taratibu, na kama una mdogo wako kwenye kazi hii msomee.

Dalili: ampea inapanda ghafla, mlio unakuwa mzito, alafu inatripu, au inaendelea kuzunguka ila chini hakitoki kitu.

Kwanza, zima fida. Alafu zima krasha. Konveya za mbele ziache zimalize makaa yaliyo juu yake, ndo uzizime.

Pili, nenda mwenyewe kwenye swichi kuu ya krasha na ya fida na ya konveya iliyo chini yake. Zote tatu. Kitufe cha dharura hakitoshi kwa kazi ya kuzibua, kile kinakata kontroli tu na mtu mwingine anaweza kukirudisha bila kujua uko ndani.

Tatu, weka kufuli yako na tagi. Kila atakayeshika mtaimbo aweke ya kwake. Watu wanne, kufuli nne. Ufunguo unakaa mfukoni mwako.

Nne, rudi ubonyeze kitufe cha kuwasha. Isipowaka, vizuri. Ikiwaka, umejiokoa, swichi uliyozima ilikuwa ya mtambo mwingine.

Tano, ondoa nguvu iliyobaki. Hapa ndo watu wanapoteza vidole wakiwa na kufuli wameweka. Rola iliyokabwa na jiwe imebanwa na springi au haidroliki na mikanda ya mota imejivuta, umeme haupo lakini nguvu ipo. Jiwe likitoka rola inaruka ghafla robo mzunguko na meno yake yanapita pale pale mkono ulipokuwa. Nimeliona hilo kwa fundi mzoefu kabisa, alichomoa jiwe kwa mkono mmoja, kufumba na kufumbua glavu ikabaki kwenye meno na ncha za vidole viwili ndani yake. Kwaiyo shusha presha ya haidroliki, legeza mikanda ya mota, na ingiza vipande vya mbao ngumu kuzuia rola zote mbili.

Sita, zibua kwa kifaa kirefu, ukisimama pembeni. Anza na makaa ya juu kushuka chini. Mtaimbo usiuelekeze tumboni kwako, shika ubavuni, ili ukirushwa upite pembeni.

Saba, usiingie kwenye hopa kusimama juu ya makaa. Makaa yanaweza kujenga daraja juu, chini kumebaki shimo tupu, unakanyaga yanabomoka na kukufunika, na kutoka mwenyewe haiwezekani. Kuingia ni kwa kibali cha maandishi, mkanda wa usalama umefungwa juu, na mtu amesimama nje ambaye kazi yake ni kukutazama tu.

Nane, hesabu vifaa, rudisha gadi, kila mtu atoe kufuli yake mwenyewe, anza tena hatua ya 4 kuanzia king'ora.

Kuhusu kuwasha krasha ikiwa imejaa ili ijizibue yenyewe, au kuigeuza irudi nyuma: kama kitabu cha mtambo wenu hakisemi inaruhusiwa, usifanye. Unakata shafti, unapasua gia boksi, na hivyo vipuri mara nyingi vinasubiriwa miezi.

Umefaulu ikiwa: krasha tupu imewaka na ampea yake ni ile ile uliyoiandika asubuhi. Ikiwa juu zaidi, bado kuna kitu ndani.

## Hatua ya 8: Zima, kuanzia mwanzo kwenda mwisho

Loda asimame, fida imalize hopa, zima fida. Subiri ampea ya krasha ishuke hadi ile ya tupu, zima maji, zima krasha. Subiri mkanda uwe mtupu, zima konveya ya kwanza, sumaku ukiwa umeisogeza pembeni maana vyuma vyake vitadondoka, skrini, alafu konveya ya mwisho.

Usiache makaa kwenye hopa na chuti usiku kucha, na hasa usiache wikiendi nzima. Yanaganda, na yanajipasha joto kama nilivyosema hapo juu, ila safari hii yako ndani ya chuma karibu na mikanda ya mpira.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, ambayo inatokea, weka swichi zote kwenye sifuri kwanza, maana umeme ukirudi mtambo unaweza kuanza wenyewe. Alafu safisha krasha kwa utaratibu wote wa hatua ya 7 kabla hujawasha.

## Mapafu yako

Vumbi la makaa linaingia kwenye mapafu na halitoki. Ugonjwa wake hauna dawa ya kuurudisha nyuma, unaanza na kikohozi na pumzi fupi ukipanda mlima, na unaweza kuja baada ya miaka mingi hata kama ulishaacha kazi. Likichanganyika na vumbi la mawe ni mbaya zaidi na TB inapata njia rahisi.

Vaa barakoa muda wote, nyoa ndevu zinazopita chini ya mpira wake la sivyo hewa inapita pembeni, oga na badilisha nguo kazini, usipeleke ovaroli nyumbani watoto wakaikumbatia. Picha ya kifua ya siku ya kuajiriwa omba nakala na uitunze mwenyewe. Ukija kuumwa na ukaenda kudai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hiyo picha ndo inaonesha mapafu yalikuwaje ulipoanza.

## Kwa wanaotafuta kazi hii

Cheti cha VETA cha ufundi mitambo au umeme wa viwandani kinafungua mlango, na wengi wanaanza kama vibarua wa kusafisha konveya kisha wanapanda. Kwenye usaili watakuuliza mpangilio wa kuwasha na kuzima, utafanya nini ikikaba, na ukiona moshi. Kwa moshi jibu ni hivi: zima fida na line, toa taarifa kwa redio, toa watu, tumia mtungi ukiwa na njia ya kutokea nyuma yako, na mkanda unaowaka usiuendeshe kupeleka moto sehemu nyingine.

Na ukianza, daftari lako liwe na kila saa: ampea, joto la beringi, tani za mizani ya mkanda, muda uliosimama na sababu yake. Likijaa usilitupe, nunua jingine na la zamani liweke kwenye loka, maana fundi akija kutafuta tatizo la gia boksi la mwezi uliopita swali lake la kwanza litakuwa ampea zilianza kupanda lini.